UZI: Bahari za ushairi wa Kiswahili, kila moja na kazi yake

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mitihani ukikaribia, swali ni lilelile: "Hili shairi ni bahari gani?", yaani ni la aina gani. Na majibu nayo ni yaleyale ya kukariri. Mistari minne tarbia, mitano takhmisa, kipande kimoja utenzi, tukutane kwenye matokeo. Haulizi mtu kwa nini Mwana Kupona hakuandika tarbia, wala kwa nini Muyaka, mshairi wa Mombasa, hakuwajibu Walamu kwa utenzi wa beti elfu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga apinge: bahari si sanduku la kupangia mashairi yaliyokwisha kutungwa. Kila moja ilizaliwa na kazi. Kuna iliyokuwa ya kusimulia usiku kucha, kuna ya kuchezea ngoma ya gungu, kuna ya kumwaibisha mshindani mbele ya watu. Ukiijua kazi, jina litakaa kichwani lenyewe.

Istilahi kwanza, kwa haraka, maana bila hizo hatutaelewana. Mstari wa shairi ni mshororo. Mishororo ikikusanyika inafanya ubeti. Mshororo ukikatwa katikati unatoa vipande: cha kwanza ukwapi, cha pili utao, na kikiwepo cha tatu ni mwandamo. Sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande ni vina. Idadi ya silabi ni mizani. Katika ubeti wa mishororo minne, wa kwanza ni mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo, na wa mwisho una majina kutegemea tabia yake: ukirudiwa ubeti hadi ubeti ni kibwagizo au kiitikio, ukibadilika ni kiishio au kimalizio.

Sasa tuingie baharini.

Utenzi (wa kaskazini husema utendi). Vipande vinne vyenye mizani minane minane, kila mshororo kipande kimoja. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimetunga hapa beti mbili za mfano ili tusibebe za watu:

Keti nikupe habari
za nahodha na bahari
alivyoanza safari
kusi lilipovumia.

Tanga likajaa tele
jahazi likenda mbele
mabaharia kelele
pwani wakaiachia.

Soma kwa sauti, usisome kwa macho. Umeona kile "-ia" kinavyokurudisha nyumbani kila baada ya vipande vitatu? Msimuliaji anapata pa kupumua, msikilizaji anajua tukio limefungwa na jingine linakuja. Ndiyo maana ni bahari ya masimulizi marefu. Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja za vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi. Jaribu kusimulia vita hivyo kwa tarbia. Ukifika ubeti wa hamsini wasikilizaji wameshalala.

Hatua ni fupi, kina kinachobadilika ni kimoja tu kwa kila ubeti, kwa hiyo mtunzi anaweza kukimbia. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitumia kusimulia Wadachi (Wajerumani) walivyoingia pwani ya Mrima na watu wa Pangani na jirani zao walivyowapinga mwaka 1888. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaitumia kwa vita vya Maji Maji. Shaaban Robert akaichukua kusimulia vita vya 1939 hadi 1945, beti kama 3,000. Miaka zaidi ya mia mbili, bahari ileile, vita tofauti.

Lakini utenzi si vita tu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, akiwa mgonjwa alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa beti 102. Ni wasia: dini, adabu, namna ya kuishi na mume na watu. Alifariki miaka michache baadaye. Kwa nini utenzi? Binti anatakiwa aushike kichwani, na mizani minane inashikika. Watu wamebishana sana kama wasia ule unamfunga mwanamke au unamfundisha kuendesha nyumba kwa akili. Mimi nasoma ndani yake mama aliyeijua dunia ya ikulu vizuri kuliko tunavyompa sifa, ila huo ni uzi mwingine.

Naendelea post inayofuata, hii imeshakuwa ndefu.

#2 (mwanzisha uzi)

Shairi lenyewe, yaani tarbia. Mishororo minne, kila mmoja vipande viwili vya mizani minane, jumla kumi na sita. Hii ndiyo Waswahili wengi wakisema "shairi" wanaimaanisha. Mfano, wa kwangu tena:

Bei imeshapinduka, sokoni kuna kilio,
Kilo nazo zapunguka, mizani zaenda mbio,
Kapu langu latoboka, limegeuka chujio,
Nipike nini jioni, sufuria yanicheka?

Vina vya kati "-ka", vya mwisho "-io", kisha mshororo wa nne unavunja: kati "-ni", mwisho unarudi "-ka". Hapo ndipo nguvu ya tarbia ilipo. Mishororo mitatu inajenga, wa nne unapiga. Mshororo wa nne ukiwa dhaifu, shairi zima limekufa hata kama mizani imekaa sawasawa.

Mtu wa kumjua hapa ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, 1776 hadi 1840. Kabla yake tungo kubwa tulizonazo ni za dini na tenzi. Yeye akaichukua tarbia na kuipeleka sokoni: njaa, deni, mapenzi yaliyoharibika, marafiki wanafiki, na hasa siasa, maana ndio wakati Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakivutana na Seyyid Said wa Oman, na Lamu nayo imeshapigana na Mombasa na Pate kule Shela. Mtunzi wa Mombasa anarusha shairi, la Lamu linakuja kujibu. Kwa ugomvi wa namna hiyo huhitaji beti elfu. Unahitaji chache, kali, zenye kibwagizo ambacho mpaka watoto watakiimba mtaani. Tarbia ni silaha ya masafa mafupi.

Karne ya ishirini mchezo huo ukahamia magazetini. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 Tanganyika, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na watu wa Tanga, Tabora, Unguja, walikuwa wakijibizana kwa vina bila kuonana uso kwa uso. Sisi tunaojiona wa kwanza kutukanana na watu tusiowajua tumechelewa.

Tathlitha, au wimbo. Mishororo mitatu. Wazee wa pwani wakisema "wimbo" kama jina la bahari mara nyingi ndio huu, na ndio taarabu ya zamani imeukalia. Mfano:

Chozi langu silifuti, liache litiririke,
Nilikupenda kwa dhati, siri yangu uishike,
Leo waita umati, majirani wanicheke.

Hauna mshororo wa kuvunja. Unamwacha mtu na uchungu uleule aliokuja nao, kisha fidla na udi vinamalizia alichokiacha mtunzi. Ukisoma wimbo wa taarabu kwenye karatasi unaweza kuuona mwepesi. Haukuandikwa usomwe.

Takhmisa. Shuleni wanasema mishororo mitano, mwisho. Asili yake ni tamu kuliko hapo. Unachukua utungo wa mwenzako, aghalabu wa zamani na wa heshima, unatanguliza mishororo yako mitatu juu ya miwili yake, kwa vina vyake. Unatungia ndani ya nyumba ya mtu. Iliyo maarufu ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir: maneno ya Fumo Liyongo, yule shujaa wa masimulizi, yakavikwa mishororo mipya karne nyingi baadaye. Ukikosea mizani kwenye takhmisa unaonekana mara moja, kwa sababu mwenye nyumba yuko palepale chini yako.

Huyo Sayyid Abdallah ndiye mwenye Al-Inkishafi. Nashauri kila mtu aisome hata kama Kiamu, lahaja ya Lamu, kitamsumbua. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa anasimama mbele ya majumba ya Pate yaliyoporomoka, anauonya moyo wake. Madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya fahari, sasa ndege wamelalia humo. Mishororo yake si ya minane, ni ya mizani kumi hivi, na mitatu ya kwanza ina kina kimoja huku wa nne ukirudi kwenye kina kisichobadilika. Mwendo huo mrefu kidogo unaburuta, kama mtu anayetembea kwenye magofu bila haraka. Utenzi ungempitisha pale mbio mno.

#3

Mkuu umetisha. Mimi ni mtahiniwa, naomba nieleweshwe kitu kimoja. Mwalimu alituambia shairi moja ni "ukaraguni", mwenzangu akasema ni "tarbia", mwingine "mathnawi". Nani yuko sahihi?

#4 (mwanzisha uzi)

Wote watatu, mdogo wangu, na hapa ndipo vitabu vingi vya mitihani vinawachanganya kwa kuorodhesha majina yote kwenye jedwali moja kana kwamba yanajibu swali moja.

Tarbia inajibu: mishororo mingapi katika ubeti? Ndugu zake ni tathnia (miwili), tathlitha (mitatu), takhmisa (mitano), tasdisa (sita).

Mathnawi inajibu: vipande vingapi katika mshororo? Viwili. Vikiwa vitatu ni ukawafi. Kikiwa kimoja, utenzi.

Ukaraguni inajibu: vina vinaendaje toka ubeti hadi ubeti? Ukaraguni vinabadilika. Mtiririko ni vilevile mpaka mwisho. Ukara, vya upande mmoja vinabaki na vya upande wa pili vinabadilika.

Halafu kuna majina ya ufundi wa maneno. Kikwamba, neno moja linaanzisha kila ubeti au kila mshororo. Pindu, maneno ya mwisho wa ubeti yanakwenda kuanzisha ubeti unaofuata, kwa hiyo msomaji hawezi kuruka hata mmoja. Msuko, mshororo wa mwisho ni mfupi kuliko wenzake, unakatika ghafla. Sakarani, bahari zimechanganywa.

Kwa hiyo shairi moja laweza kuwa tarbia, mathnawi, ukaraguni na kikwamba kwa wakati mmoja. Kwenye mtihani soma swali linauliza lipi kati ya hayo, kisha ulijibu hilo.

#5

Na mizani ya "mtaji" ni mbili au tatu?

#6 (mwanzisha uzi)

Tatu. M-ta-ji. Hiyo "m" inatamkwa peke yake, inahesabiwa. Vivyo hivyo m-tu, m-bwa, n-chi, n-ne. Ila nyu-mba ni mbili, mbo-ga ni mbili. Piga makofi ukitamka, usihesabu kwa kalamu.

#7

Nimemsoma mwenye sufuria huko juu. Mimi nauza mchele na maharage, siwezi kunyamaza:

Ndugu acha kuropoka, nisikize kwa sikio,
Mafuta yamekauka, nauli ndiyo tishio,
Nami pia ninachoka, mtaji wapiga mbio,
Usinitupie deni, hata kwangu sijapika.

#8 (mwanzisha uzi)

😂😂 Huyu ameua. Na tazameni, "m-ta-ji wa-pi-ga mbi-o", minane kamili.

Wadau, hayo ndiyo malumbano. Kanuni ameifuata bila kuambiwa: amenijibu kwa vina vilevile, "-ka" na "-io", na kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, kimekaa kwenye "-ni" na "-ka" kama changu. Ukijibu kwa vina vingine wazee wanahesabu umekimbia.

Malumbano yakivishwa wahusika na kupandishwa jukwaani yanakuwa ngonjera. Watu wawili au makundi mawili wanabishana kwa mashairi, na mwishoni mmoja anakubali hoja ya mwenzake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeipa umaarufu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilisambaa mashuleni kuliko kitu kingine chochote cha ushairi, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Niseme ukweli, nyingi zinachosha kusoma leo. Asiyejua kitu anakuja kubisha, anaelimishwa, anashukuru. Unajua mshindi tangu ubeti wa kwanza. Muyaka na mahasimu wake hawakujua nani atashinda, na ndiyo maana mashairi yale bado yana joto.

#9

Shikamooni vijana walio chini yangu, wakubwa wenzangu salaam. Mimi ni wa Lamu. Mwanangu umefanya kazi nzuri, lakini umeanzia kwenye vitabu. Hukuitaja hamziya inayosomwa kwenye maulidi, hukutaja wawe wa wakulima wala kimai cha mabaharia. Na utumbuizo je? Hizo zilikuwa na watu kabla hakujawa na kitabu.

#10 (mwanzisha uzi)

Marahaba haiwezi kutoka kwangu, shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na karibu sana uongeze.

Kwa waliopo: hamziya imepewa jina la kasida ya al-Busiri ya Kiarabu iliyogeuzwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi bin Athumani, na lahani yake ni ya kwake peke yake. Utumbuizo ni utungo mrefu usiokatwakatwa kwa beti kama shairi, ulioimbwa kwenye ngoma ya gungu. Tungo kadhaa za Liyongo ni za namna hii. Wawe ni wa wakulima wakichoma na kutayarisha mashamba. Kimai kinahusu bahari hasa, ya maji ya chumvi. Zivindo nazo zilikuwa za kuchezea na kufunza maana za maneno. Dura mandhuma mtunzi anafuata herufi za Kiarabu moja baada ya nyingine. Ibrahim Noor Shariff amezieleza nyingi katika Tungo Zetu, 1988, na hoja yake kubwa ni hii ya mzee: bahari hizi zimetokana na sauti na shughuli za Waswahili wenyewe.

#11

Kwa hiyo sisi wa mashairi huru tukae wapi? Mimi nachana na naandika. Mkiniambia minane minane mnanifunga pingu.

#12 (mwanzisha uzi)

Kaa hapahapa, hamna anayekufukuza siku hizi. Ila ugomvi huo ulikuwa mkali kweli, na vijana wengi hawaujui.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kilikuwa kitabu cha kufundishia, na kwa wengi neno "sheria" likawa sheria kweli: lisilo na vina na mizani si shairi. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi (1974), hakufuata vina wala mizani, na kelele zikaanza. Wanamapokeo wakasema hizi ni insha zilizokatwa mistari. Mulokozi na Kahigi, katika Malenga wa Bara (1976) na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), wakajibu kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Na wana hoja nzito: nyimbo za makabila mengi ya bara hazijawahi kuwa na vina vya kati na vya mwisho, na hakuna aliyewahi kuziambia si ushairi.

Shairi huru likifanya kazi yake linakuwa hivi (langu, msinipige mawe):

Stendi imelala.
Mpiga debe pekee
anaita jina la mji
ambao basi lake
liliondoka jana.

Hakuna kina cha kukubeba. Kila mstari lazima ujitetee wenyewe, na mkato wa mstari ndio unaofanya kazi ya kituo. Ndiyo maana nasema huru ni gumu kuliko tarbia. Kwenye tarbia kibwagizo kizuri kinaweza kuokoa ubeti mbovu, huku hakuna wa kukuokoa.

Na hilo la pingu, tazama upande wa pili. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?* Jela akatunga kwa siri, akaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Alikuwa na kila sababu ya kuvunja kila kanuni iliyo mbele yake, naye akatunga kwa vina na mizani, kwa Kimvita cha nyumbani kwao. Mtu aliyenyang'anywa karatasi anahitaji utungo unaoweza kukaa kichwani. Mizani ilimbebea kile askari wasichoweza kukipekua.

#13

Mkuu mimi hata diwani moja sijasoma nikamaliza. Nianze na ipi?

#14 (mwanzisha uzi)

Usianze na Tambuka, utakata tamaa. Anza na Sauti ya Dhiki kama unapenda moto, au Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (nduguye Abdilatif) kama unataka kusikia tarbia ya Mombasa ikiwa laini. Kisha Mwana Kupona, beti 102, jioni moja inatosha. Baada ya hapo Kichomi, ili masikio yashtuke. Al-Inkishafi iache ya mwisho, na tafuta toleo lenye maelezo ya maneno ya Kiamu pembeni.

Na usisome kimyakimya. Kama upo kwenye daladala, soma midomo ikicheza tu, watakuona mgonjwa lakini kituo utashuka.

Mzee wa Lamu, kama bado upo, tuwekee beti hata mbili za kimai. Na wewe muuza mchele, jibu langu linakuja usiku huu, tafuta vina vya akiba.